JABALI LA TORORO NA HISTORIA YA LUGHA KATIKA MPAKA WA MARACHI

1. UTANGULIZI

Msafiri atokaye Eldoret au Bungoma kuelekea Uganda huliona Jabali la Tororo kabla hajauona mji unaochukua jina hilo. Akiwa bado upande wa Kenya, katika Malaba, huliona limesimama peke yake kwenye nchi tambarare, mithili ya jengo lililosahauliwa na wajenzi wake. Jabali lenyewe limo Uganda, umbali usiofika kilomita 20 kutoka mpakani. Lakini watu wa pande zote mbili hulitumia kuonyesha njia, nao wapandaji hulijia kutoka nchi zote mbili. Wanafunzi wa shule na vyuo, watalii, na vijana wa miji ya Tororo, Malaba na Busia hulipanda kwa miguu, wakisaidiwa na ngazi za chuma penye magenge makali, ili wafike kileleni na kuitazama nchi.

Mengi yaliyoandikwa juu ya jabali hili ni ya aina mbili. Yako maandishi ya wanajiolojia, ambao wamelichunguza kwa ajili ya madini yake. Na yako maelezo ya safari, ambayo huwafahamisha wapandaji mahali pa kuanzia na muda wa kupanda. Ama historia ya watu walioishi chini yake, na hasa ya lugha walizozitumia kulitaja jabali na vilima vinavyolizunguka, imeguswa kwa nadra. Makala haya yanakusudia kulijaza pengo hilo kwa kiasi fulani. Itaonyeshwa kwamba miamba ya mpaka huu ni kama kumbukumbu za taifa zilizohifadhiwa kwa lugha nyingi, na kwamba mtu atakayezisoma kwa lugha moja tu ataandika nusu ya historia. Jambo hili si la kitaaluma peke yake, kwa maana leo watu hugombania mji, wilaya na ardhi kwa kutumia majina ya mahali kama hati za kumiliki.

Kabla ya kuendelea yafaa ieleweke ni eneo gani linalozungumzwa. Kwa maana yake finyu, Marachi ni nchi ya Abamarachi, mojawapo ya jamii za Waluyia, ambayo kitovu chake ni Butula katika Kaunti ya Busia. Lakini Abamarachi hawakupata kuishi peke yao. Jirani zao ni Abakhayo katika sehemu za Nambale, Matayos na mji wa Busia. Abasamia katika Funyula. Abanyala katika Budalangi. Na Iteso katika Amagoro na Malaba. Katika makala haya, mpaka wa Marachi una maana ya ukanda huo wote, kuanzia mto Sio hadi mto Malaba.

2. MWAMBA, JABALI NA KILIMA

Swali la kwanza ni la msamiati. Kiswahili kina maneno kadhaa ya kukitaja kitu cha aina hii, wala hayalingani sawasawa. Neno mwamba, katika matumizi ya watu wa pwani, lilihusu kwanza jiwe la baharini, lile ambalo nahodha huliogopa na mvuvi hulitafuta. Neno jabali lilitoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni mlima. Lakini katika Kiswahili limefinywa likawa jiwe kubwa lililo imara. Kilima ni mwinuko wowote usiofikia ukubwa wa mlima, uwe na mawe au usiwe nayo. Kitu kilichosimama Tororo si jiwe tu, kwani lina miti na nyasi mabegani. Wala si kilima cha kawaida, kwani pande zake ni magenge matupu. Kwa sababu hiyo neno jabali ndilo litakalotumiwa hapa, ijapokuwa wasemaji wengi wa mpakani husema mlima tu, na wengine wengi mjini hulitaja kwa neno la Kiingereza, Rock, ambalo limekwisha ingia hata katika jina la shule ya sekondari ya mji huo, Rock High School.

Jabali la Tororo lina kimo cha mita 1,483 hivi juu ya usawa wa bahari, nalo hupita mji kwa takriban mita 300. Ni mabaki ya volkano ya kale sana. Sehemu za nje za volkano hiyo zimekwisha kumomonyoka kwa mvua na upepo, na kilichobaki ni sehemu ngumu ya ndani. Miamba yake ni ya jamii iitwayo kabonatiti, yaani miamba ya asili ya moto yenye chokaa nyingi. Vilima vya Sukulu, vilivyo jirani, ni vya jamii hiyohiyo, navyo vinajulikana kwa madini ya fosfati. Chokaa hiyo ndiyo iliyoleta kiwanda cha saruji mjini Tororo katika miaka ya 1950.

Inafaa kukumbusha kwamba hata wanajiolojia walichukua muda mrefu kukubaliana juu ya miamba hii. Wengi walishindwa kuamini kwamba chokaa, ambayo kwa kawaida hujengeka chini ya maji, yaweza kutoka tumboni mwa ardhi ikiwa imeyeyuka. Mashaka hayo yalipungua sana baada ya mlipuko wa Oldoinyo Lengai, nchini Tanzania, mwaka 1960, ambapo lava ya kabonatiti ilionekana kwa macho ikitiririka. Mfano huu una fundisho kwa mwanahistoria wa lugha. Umbo la nje la jiwe linaweza kumdanganya mtazamaji kuhusu asili yake, na umbo la nje la jina vilevile.

3. JINA LA TORORO

Yapo maelezo mbalimbali ya mdomo juu ya asili ya jina Tororo, na kila moja hulivuta jina upande wa lugha ya msimuliaji. Hili si jambo la ajabu. Katika Afrika ya Mashariki yote, mahali panapokaliwa na watu wa lugha mbalimbali, jina hupewa maana upya na kila anayelipokea, na maana hiyo huja na kisa chake. Kazi ya mwanaisimu si kuchagua kisa kinachopendeza, bali ni kupima sauti na mnyumbuliko wa jina, na kulilinganisha na majina mengine.

Kwa upande wa sauti, jina hili halisaidii sana. Ni neno la silabi tatu zilizo wazi, lenye konsonanti mbili tu, t na r, na irabu moja. Umbo la namna hiyo linaweza kutamkwa bila taabu na msemaji wa Ateso, wa Dhopadhola, na wa lahaja nyingi za Kiluyia. Lakini jambo moja dogo laweza kusemwa. Maandishi ya Kiganda hutumia herufi r baada ya e na i peke yake. Baada ya irabu nyingine huandikwa l. Kama jina hili lingalipitia kwanza katika kalamu ya makarani waliofuata kanuni hiyo, lingalitazamiwa kuandikwa Tololo. Kuandikwa kwake kwa r mara mbili baada ya o kwadokeza kwamba tahajia yake ilichukuliwa kutoka kwa wasemaji wa hapo, au kwa watu waliowasikiliza wasemaji wa hapo.

Kwa upande wa ulinganishaji, kuna jina moja lisiloweza kupuuzwa. Kaskazini, katika nchi ya Karamoja, kuna vilima viitwavyo Toror. Lugha ya Karamoja na Ateso ni ndugu wa karibu, na masimulizi ya Iteso yenyewe huonyesha kwamba wazee wao walitoka upande huo. Wengi watashawishika kusema kwamba wahamiaji walilichukua jina la vilima vya kwao wakalipa jabali jipya. Wazo hili lina nguvu, kwa kuwa wahamiaji hufanya hivyo mara kwa mara. Hata hivyo, mfanano wa majina mawili haujawa uthibitisho, mpaka mzizi wake uonyeshwe katika lugha zote mbili na ujulikane kuwa na maana moja.

Mfano wa vilima vya Sukulu unaonyesha hatari hiyo vizuri zaidi. Katika ramani na vitabu vya wanajiolojia jina huandikwa Sukulu. Katika utawala wa mahali hapo huandikwa Osukuru. Tofauti ya l na r yaweza kueleweka kwa urahisi: umbo la kwanza limepitia katika vinywa au kalamu za Kibantu, na la pili katika vinywa vya Iteso. Msemaji wa Kiluyia akiliona umbo la kwanza atakumbuka mara moja mzizi -kulu, ambao katika lahaja nyingi za Kiluyia hutumika kwa kilima au mlima. Je, jina hili basi ni la Kibantu? Yawezekana, lakini yawezekana pia kwamba Wabantu walilisikia jina la wageni wakalinyoosha lifanane na neno lao. Historia ya majina imejaa mifano ya aina zote mbili.

Hapana shaka kwamba baadhi ya majina ya eneo hili yanaweza kutambuliwa bila mashaka. Mzizi moru, wenye maana ya mwamba au mlima wa mawe, unaonekana katika majina mengi ya nchi za Kiteso na Kikaramojong, mathalan Morungole na Morulem. Na karibu na mji wa Tororo kuna mahali paitwapo Morukatipe. Kadhalika neno got, ambalo ni kilima katika lugha za Kiluo, hupatikana katika majina ya mahali popote Waluo walipokaa. Majina ya namna hii hutuambia wazi ni nani aliyetaja. Hayatuambii kama yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutaja.

4. WATU WALIOLIZUNGUKA JABALI

Mtu aliyesimama kileleni mwa Jabali la Tororo siku ya anga safi huona, kwa jicho moja, nchi ambayo wataalamu wa lugha wangeweza kuifanya darasa. Tangu kazi ya Joseph Greenberg iliyotolewa mwaka 1963, istilahi ya zamani ya "Nilo-Hamitiki" imeachwa, na lugha za Kiniloti zimekubaliwa kuwa na matawi matatu: la Magharibi, la Mashariki na la Kusini. Matawi yote matatu yanaonekana kutoka kileleni. Chini, upande wa magharibi, wanaishi Jopadhola, wasemaji wa Dhopadhola, lugha ya Kiluo ya tawi la Magharibi. Kuwazunguka, na kuvuka mpaka hadi Malaba na Amagoro, wanaishi Iteso wa tawi la Mashariki. Kaskazini, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wanaishi Wasabaoti na Wasebei, wa tawi la Kusini. Kati yao na kando yao zimo lugha za Kibantu: Lumasaba, Lunyole, Lusamia, na upande wa Kenya lahaja za Kiluyia, pamoja na Lumarachi yenyewe. Ni mahali pachache barani Afrika ambapo familia hizi zote hukutana katika eneo dogo kiasi hicho.

Historia ya mkutano huo imeandikwa kwa sehemu. Gideon Were, katika kitabu chake juu ya Abaluyia kilichotolewa mwaka 1967, alikusanya masimulizi ya koo nyingi za Waluyia, nyingi zikitaja asili ya upande wa Uganda. Bethwell Ogot, mwaka huohuo, alieleza jinsi Jopadhola walivyojitenga na kundi kubwa la Waluo wakakaa katika nchi iliyokuwa na msitu, ambako walipata hifadhi dhidi ya maadui. J. C. D. Lawrance aliandika juu ya Iteso wa Uganda mwaka 1957, na Ivan Karp mwaka 1978 juu ya Iteso wa Kenya. Kila kazi kati ya hizi ni ya thamani. Lakini inafaa kuona kwamba kila moja ilichukua kabila moja kama kipimo chake, na jirani wakaonekana pembeni tu, wakiingia kama maadui au kama wakwe.

Majina ambayo jirani walipeana ni ushahidi wa uhusiano huo. Iteso wa mpakani walijulikana kwa Waluyia na kwa maofisa wa kwanza wa Kiingereza kwa jina la Wamia, na katika maandishi mengine kwa jina la Elgumi. Yote mawili si majina waliyojiita wenyewe. Jopadhola waliitwa Badama, na nchi yao Budama, kwa matamshi ya Waganda. Nchi yote ya Tororo na Mbale ilipewa jina la Bukedi, ambalo katika Kiganda lilikuwa na maana ya dharau, yaani nchi ya watu walio uchi. Jina hilo la dharau ndilo lililokuja kuwa jina rasmi la wilaya, na likaendelea kuwamo katika ramani za serikali mpaka baada ya uhuru. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma nyaraka za miaka ya 1900 bila kuzijua lugha za eneo hili anaweza kudhani kwamba amekutana na makabila manne, kumbe ni mawili yenye majina manne.

Uhusiano wa Abamarachi na Iteso katika karne ya 19 ulikuwa wa vita na wa amani kwa zamu. Iteso walipozidi kusonga kusini na mashariki, walipigana na Abamarachi, Abakhayo na Ababukusu juu ya malisho na mifugo. Lakini watu waliopigana pia walioana, wakauziana nafaka na ng'ombe, na koo nyingine zikageuza lugha kabisa. Ukoo unaosema Kiluyia leo unaweza kuwa na masimulizi ya babu wa Kiteso, na kinyume chake. Kwa sababu hiyo, mpaka wa lugha katika nchi hii haukuwa mstari hata siku moja. Ulikuwa ukanda ambao ndani yake watu wengi walisema lugha mbili au tatu.

5. MSTARI WA MPAKA NA SIASA YA LUGHA

Mstari uliletwa na watawala. Mpaka mwaka 1902 nchi ya Marachi ilikuwa sehemu ya Himaya ya Uganda, ambayo jimbo lake la mashariki lilifika hadi Naivasha. Mwezi Desemba 1901 reli ilifika Kisumu, na mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ilihamisha jimbo hilo likaingia katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, ili reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Hivyo Marachi ikawa Kenya na Tororo ikabaki Uganda, kwa sababu isiyohusu Abamarachi wala Iteso wala Jopadhola. Amri ya mwaka 1926 ilieleza mpaka huo kwa urefu, ikifuata mito, pamoja na Sio, Malaba na Lwakhakha, hadi Mlima Elgon. Abasamia walijikuta pande zote mbili. Iteso hali kadhalika.

Kilichofuata ni siasa mbili za lugha zilizotazamana chini ya jabali moja. Upande wa Uganda, Semei Kakungulu na mawakili wake wa Kiganda waliiweka nchi ya Bukedi chini ya utawala wa mtindo wa Buganda tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, na Luganda ikawa lugha ya baraza, ya kanisa na ya shule. Upande wa Kenya, Waingereza walitumia nguvu ya Nabongo Mumia, na mawakili wa Wanga waliwekwa juu ya Abamarachi na jirani zao. Watu wa pande zote mbili walipinga kutawaliwa na wageni wa karibu kuliko walivyopinga, mwanzoni, kutawaliwa na wageni wa mbali.

Katika miaka ya 1940, upande wa Kenya, Kamati ya Lugha ya Kiluyia ilijaribu kuunda lugha moja ya maandishi kutokana na lahaja nyingi. Jaribio hilo halikufaulu kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa jamii nyingine, hasa Ababukusu na Avalogoli, ziliona kwamba lugha yao imepuuzwa. Ama Kiswahili, kilipata bahati tofauti pande hizo mbili. Uganda ilikuwa mwanachama wa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1930. Lakini pendekezo la Gavana William Gowers la kukikuza Kiswahili huko lilikuwa limekwisha pingwa vikali na Buganda. Kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 chini ya serikali ya kijeshi, na mwaka 2005 katiba ya Uganda ikarekebishwa kukifanya lugha rasmi ya pili. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya lugha ya taifa na lugha rasmi.

Mbali na siasa hizo, wafanya biashara, madereva na wapakizi wa Malaba na Busia walikitumia Kiswahili kila siku bila kungoja katiba. Reli iliyopita Malaba na Tororo ilifika Kampala mwaka 1931, na njia ya lori ilifuata. Lugha ya njia hiyo ilikuwa Kiswahili. Ni dhahiri basi kwamba katika mpaka huu Kiswahili hakikuja kuchukua mahali pa Lumarachi au Ateso. Kilikuja kufanya kazi ambayo lugha nyingine hazikuwa nayo, yaani kazi ya kukutanisha watu wasiokuwa jirani.

6. KAKAPEL: USHAHIDI UNAOTANGULIA MAJINA

Hadi hapa imezungumzwa juu ya watu ambao lugha zao zingali hai. Lakini upande wa Kenya, katika vilima vya Chelelemuk, kaskazini ya Malaba, kuna mwamba mwingine unaolazimisha swali gumu zaidi. Huo ni mwamba wa Kakapel, ambao mwaka 2004 ulitangazwa rasmi kuwa kumbukumbu ya taifa. Chini ya ubavu wake uliojikunja kama paa kuna michoro ya kale, na wapandaji wa vilima hivyo hupumzika hapo. Osaga Odak aliieleza michoro hiyo kwa wasomi mwaka 1977.

Michoro ya Kakapel haikuchorwa siku moja. Kuna tabaka zaidi ya moja, moja juu ya nyingine. Iliyo ya kale zaidi ni duara na maumbo ya mistari kwa rangi nyekundu na nyeupe, ya jamii moja na michoro ya Nyero katika Kumi, Uganda. Wataalamu wengi huihusisha na wawindaji na wakusanyaji wa kale. Juu yake kuna michoro ya ng'ombe, kazi ya wafugaji. Kwa hiyo ubavu mmoja wa jiwe umeandikwa na watu waliofuatana, bila mmoja kufuta kabisa kazi ya mwenziwe.

Uchimbuzi wa miaka ya karibuni umeongeza mengi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yameonyesha kwamba mahali hapo palikaliwa kwa vipindi tangu miaka 9,000 iliyopita. Kunde zilizopatikana hapo, zilizoungua na kuhifadhika, zina umri wa miaka 2,300 hivi, nazo ni miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa kilimo katika Afrika ya Mashariki. Wimbi ulifuata, na ulikuwapo angalau miaka 1,000 iliyopita. Aidha, uchunguzi wa chembe za urithi uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mtu aliyezikwa hapo miaka 3,900 hivi iliyopita alikuwa na nasaba ya wawindaji, yenye uhusiano na watu wa misitu ya Afrika ya Kati. Na mtu wa miaka 900 iliyopita alikuwa na nasaba inayokaribiana na ile ya wasemaji wa lugha za Kiniloti wa leo.

Mwanaisimu lazima awe mwangalifu hapa. Mifupa haisemi lugha, wala kunde hazina sarufi. Lakini ushahidi huu unathibitisha jambo moja ambalo majina ya mahali peke yake hayawezi kulithibitisha, nalo ni kwamba kabla ya Iteso, kabla ya Jopadhola, na kabla ya Waluyia, kulikuwa na watu waliokaa chini ya miamba hii kwa maelfu ya miaka. Walikuwa na lugha. Hapana shaka walikuwa na jina la Kakapel, na jina la jabali la Tororo, ambalo liko karibu mno kiasi kwamba hawakuweza kutoliona. Majina hayo yamepotea pamoja na lugha zao, au yamejificha ndani ya majina ya leo, yakiwa yamebadilishwa sauti hata yasitambulikane. Jina lisiloeleweka katika Ateso, wala Dhopadhola, wala Kiluyia, si lazima liwe jina lililoharibika. Laweza kuwa neno la mwisho lililobaki la lugha iliyokufa. Mwanafunzi anayelazimisha kila jina liwe na maana katika lugha yake mwenyewe anaweza kulifuta neno hilo bila kujua.

7. HITIMISHO

Tangu miaka ya 2000 mzozo umeendelea juu ya kugawanywa kwa wilaya ya Tororo, baina ya Iteso na Jopadhola, na ugomvi mkubwa umekuwa ni nani atakayebaki na manispaa iliyo chini ya jabali. Upande wa Kenya, Wilaya ya Teso ilitengwa na Busia katika miaka ya 1990, kisha zikaunganishwa tena katika Kaunti ya Busia chini ya Katiba ya 2010. Katika mambo ya namna hii, jina la mlima hutolewa kama shahidi: ati jina ni letu, kwa hiyo nchi ni yetu. Haya yaliyoelezwa yanatosha kuonyesha udhaifu wa hoja hiyo. Jina huthibitisha kwamba wasemaji wa lugha fulani walifika mahali na kupataja. Halithibitishi kwamba walikuta pako tupu.

Kutokana na hayo mambo matatu yanahitajika. Kwanza, majina ya vilima, miamba, mito na mapango ya ukanda wote huu yakusanywe kutoka kwa wazee wa lugha zote, pande zote mbili za mpaka, na yaandikwe pamoja na toni na matamshi yake, si kwa tahajia ya ramani peke yake. Pili, kazi hiyo ifanywe kwa ushirikiano wa wanaisimu na wachimbuzi wa mambo ya kale, kwani kila upande una ushahidi ambao mwingine hauna. Tatu, ifanywe upesi. Kila kiongozi wa msafara anayewaambia wapandaji kwamba wanapanda "Rock" tu anafanya kazi yake kwa haki. Lakini kijana wa Malaba au wa Butula asiyepata kusikia jina jingine hatakuwa na jina la kumwachia mwanawe. Lugha iliyoziita duara za Kakapel kwa jina lake imekwisha kupotea, na haiwezi kurudishwa. Zile zinazosemwa leo chini ya Jabali la Tororo zingali na wasemaji wanaoweza kuulizwa.